Viti vya chuma vya bustani: usipake rangi juu ya kutu

Umeuliza kama unaweza kupaka rangi mpya juu ya ile ya zamani. Ikiwa bado imeshika vizuri, ndiyo, ipige msasa tu hadi mng'ao uishe. Penye kutu, hapana. Kutu huendelea kula chuma chini kwa chini, na rangi yako itavimba kama malengelenge. Sugua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, malizia na 180. Kagua hasa miguu na maungio, maji hutuama humo. (Viti vya zamani sana huenda rangi yake ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: tumia msasa wa maji, vaa barakoa, watoto wakae mbali.)

Futa vumbi kwa kitambaa chenye thina (kiyeyusha rangi), kiti kikikauka paka praima (rangi ya msingi) ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Chuma kitupu kikilala na umande, asubuhi utakuta wekundu umerudi. Halafu rangi ya mafuta ya nje: mkono wa kwanza mwembamba, ukikauka, wa pili. Ukipaka mzito mara moja hutiririka na kubaki laini siku nyingi. Mimi nilikikalia kiti cha namna hiyo, suruali ikatoka na mistari ya kijani.