Kambi ndogo ushorobani: maswali yenu kuhusu vibali

Tangu nilipoandika kuhusu ushoroba wa Kwakuchinja, ule ukanda wa ardhi ya vijiji ambao wanyamapori hupitia kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na Ziwa Manyara, maswali yamekuwa yakimiminika. Wengi wenu mna ekari chache za urithi, mnaona magari ya watalii yakipita kila siku, na mnajiuliza kwa nini faida iishie kwa wenye hoteli kubwa. Ni swali la haki. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi za ardhi na nimeshika mafaili mengi ya kambi, mazuri na mabaya, kwa hiyo nitajibu kama ningemjibu mtu aliyekaa mbele ya meza yangu.

Shikamoo mzee. Nina ekari 6 karibu na barabara ya Arusha–Dodoma, na hati ya kimila ninayo. Nataka kuweka mahema 8 na nafasi za magari 4 ya wale watalii wanaolala ndani ya magari yao. Sijengi kitu cha saruji zaidi ya choo na jiko. Kambi ndogo hivi nayo inahitaji vibali? – Msomaji, Babati

Marahaba, mwanangu. Inahitaji, na hapa nitachukua nafasi kubwa kwa sababu barua nyingine zaidi ya kumi zinauliza hilihili.

Kwanza ujue ardhi yako iko wapi. Wakati wa kiangazi wanyama hujazana Tarangire kwa kuwa Mto Tarangire ndio wenye maji ya kutegemewa. Mvua zikinyesha wanatawanyika. Nyumbu na pundamilia wengi wanakwenda mashariki, tambarare za Simanjiro, kuzaa kwenye majani mafupi yenye madini. Wengine wanashika kaskazini, wanapita Kwakuchinja na Manyara Ranchi mpaka tambarare za Gelai. Njia hiyo ya kaskazini imeshabanwa na lami, mashamba na makazi. Mahali palipobaki uwazi wa kupenya, mahema 8 yakiwekwa katikati yanaweza kufanya kazi ya ukuta. Ndiyo maana neno "ndogo" halikuondolei wajibu wa kuomba.

Sasa anza na kijiji. Nenda kwa mtendaji, omba kuona ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji chako. Tafuta kiwanja chako kimepakwa rangi gani. Kama ni eneo la malisho au njia ya wanyamapori, usiendelee. Hakuna barua itakayokusaidia, na mimi mwenyewe nisingekusaidia. Kama ni kilimo au makazi, andika maombi ya kubadili matumizi kwa halmashauri ya kijiji, na hakikisha jambo lako linafika mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, imeupa mkutano ule nguvu kubwa: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Wewe hugawiwi upya, lakini kambi inayopitishwa mbele ya majirani haina wa kuipinga kesho.

Ukitoka pale uwe na muhtasari wenye muhuri na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Orodha hiyo muitazame wenyewe. Nakumbuka faili moja lililoletwa mezani kwangu, majina zaidi ya mia, wote wameandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, hata mikia ya herufi inafanana. Lilirudishwa kijijini siku hiyohiyo. Mwekezaji alikuwa ameshashusha mahema, yakakaa kwenye maturubai msimu mzima wa watalii. Aliumia, na hakuwa mtu mbaya. Aliamini aliyemwambia kwamba mkutano ni kupoteza muda.

Baada ya kijiji, mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi upimwe athari zake kabla ya kuanza. Kanuni zilivyorekebishwa mwaka 2018 zimeipanga miradi kwa makundi: ile ya lazima kufanyiwa tathmini kamili, ile ya katikati, na ile inayotosha kwa maelezo mafupi ya mradi. Usijipangie kundi mwenyewe. Sajili mradi kwenye ofisi ya kanda ya mazingira, ambayo wengi mnaijua kwa jina la NEMC, kupitia mtaalamu aliyesajiliwa, uambiwe uko kundi gani. Ukiwa jirani na hifadhi tegemea kuulizwa maswali mengi. Halafu ndipo kibali cha ujenzi cha halmashauri ya wilaya kwa ajili ya hicho choo na jiko, leseni ya biashara, na leseni ya shughuli za utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Wanaoanza na leseni ya biashara kwa sababu inapatikana haraka hujikuta na karatasi halali ya kambi isiyoruhusiwa kuwepo.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo ninalolijali kuliko yote. Kabla hujamlipa mchoraji, ingia shambani alfajiri baada ya mvua, ufuatane na mzee anayelijua eneo. Angalia chini. Njia ya tembo ni pana kama ya mkokoteni, imekanyagwa mpaka udongo umekuwa laini kama unga, na miti ya kando ina magome yaliyosuguliwa yakang'aa mpaka juu ya kichwa chako. Ukiiona, mahema yote 8 yapange upande mmoja na ile njia uiache. Usizungushe uzio. Taa ziwe chache, zimefunikwa zielekee chini. Michoro ya namna hiyo niliipitisha kwa moyo mweupe.

Mume wangu ni Mjerumani. Tumepata shamba zuri kijijini na muuzaji yuko tayari. Tuandike jina lake au langu? – Mama wawili, Arusha

Dada yangu, jina lake haliwezekani. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, haimpi ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa kupitia mamlaka ya uwekezaji. Na ardhi ya kijiji haiingii kwenye mkondo huo mpaka kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, hatua inayofika kwa Rais na yenye tangazo la siku 90. Kwa kambi ndogo huo ni mzigo mkubwa mno.

Wewe kama raia unaweza kununua, kwa idhini ya halmashauri ya kijiji, na kijiji kitataka kujua kama kweli utaishi au kufanya kazi pale. Lakini nakusihi usiwe kivuli cha mtu. Ikiwa fedha ni zenu wote wawili, nendeni kwa wakili mkaandikishe kampuni na mkopo wa mumeo waziwazi. Nimeona ndoa zikivunjika na kambi ikabaki magofu, kwa sababu hakuna karatasi iliyosema ukweli kuhusu nani alitoa nini.

Eneo letu limo ndani ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Mwenyekiti wa kijiji anasema anaweza kunipa kipande cha kambi. Ni sawa? – Mkulima, Babati

Si sawa, ndugu yangu. Vijiji vilipoungana kuunda Jumuiya kama ile ya Burunge, vilitenga ardhi hiyo kwa pamoja. Mwenye mamlaka ya kuingia mkataba na mwekezaji ni Jumuiya yenyewe, kwa kufuata kanuni za wanyamapori na mpango wa usimamizi unaoonyesha kambi zinaruhusiwa wapi. Andika barua kwa ofisi ya Jumuiya, uulize kama kuna eneo la kambi lililo wazi. Wenyeji wachache mno wanaandika barua hizo, na inanisikitisha, maana mapato ya Jumuiya ni yenu.

Korongo langu halina maji miezi minane. Bado nikae mita 60? – Msomaji, Mto wa Mbu

Kaa mita 60, upime kuanzia ukingoni na si kutoka katikati ya mchanga. Sheria ya mazingira inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka kwenye mto, ziwa au bahari, na mimi nisingeshika tepu kutafuta mwanya. Mchanga huo unaouona mkavu ndio ambao tembo huuchimba kwa mkonga na miguu kutafuta maji chini. Na miezi minne iliyobaki, maji yakija usiku, mgeni aliyelala kwenye hema hasikii kitu mpaka yamemfikia.

Jirani yangu ameweka kambi bila kumwuliza mtu. Jenereta inanguruma mpaka saa sita usiku, amezungusha waya, na tangu hapo tembo wanapita kwenye mahindi yangu. Nianzie wapi? – Mama shamba, Babati

Pole sana, mama. Anza kwa kumtembelea mchana, ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji, umwombe akuonyeshe cheti cha mazingira. Mwenye nacho atakionyesha. Akikataa, peleka malalamiko kwa maandishi kwa halmashauri ya kijiji, nakala kwa afisa mazingira wa wilaya na ofisi ya kanda ya mazingira. Weka tarehe kila tembo wanapoingia shambani, piga picha za nyayo na za ule waya, na mwite afisa wanyamapori aje aone uharibifu ungali mbichi. Kesho yake mahindi yaliyolala huwa yameshaliwa na mbuzi na ushahidi umekwisha. Sheria ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na haki ya kwenda mahakamani kuitetea. Huhitaji kuwa na hati wala kampuni.

Magari ya kulala ndani yana vyoo vyake. Kwa hiyo sihitaji kuchimba shimo? – Msomaji, Karatu

Unahitaji zaidi. Vyoo vile vina tenki dogo lenye dawa, na mgeni lazima alimwage mahali. Usipompa mahali atamwaga kichakani usiku. Jenga karo lililozibwa pande zote na chini, lenye mfuniko mzito, mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko, na uwe na makubaliano ya maandishi na gari la majitaka kabla hujapokea gari la kwanza. Kwenye mchoro unaopeleka kwa wakaguzi, karo hilo lionyeshe pamoja na njia ambayo gari la majitaka litapita kulifikia, maana nimeona mchoro mzuri ukirudishwa kwa sababu gari lile lingelazimika kukanyaga kitanda cha hema namba tatu.