Nani amlipe mpima ardhi? Mlipe wewe

Ndugu uliyeuliza kuhusu ekari 5 unazotaka kununua Nakaseke, hapa Uganda: muuzaji anasema kumlipa mpima ni juu yako, jirani yako anasema ni juu ya muuzaji. Ni mapatano yenu tu. Huku kwetu Bombo na Luwero mara nyingi mnunuzi ndiye hulipa, nami nakushauri ulipe bila kunung'unika.

Shamba langu la kwanza nililinunua nikiwa bado jeshini. Muuzaji akajitolea kumleta mpima kwa pesa zake, nikaona nimebahatika. Kijana akaja na mashine, akazunguka nusu saa, akatuonyesha mawe ya mpaka, tukanywa chai. Mwaka wa pili jirani akafyeka mpaka ndani ya migomba yangu. Nikaleta mpima wangu: ekari 4 zikawa 3 na robo, tena upande wa chini ni kinamasi cha mafunjo. Na kinamasi, hata ukikionyesha hati, Katiba ya 1995 imekiweka mikononi mwa serikali kwa niaba ya raia. Yule kijana hesabu alizijua vizuri sana. Alijua pia nani anamlipa.

Kabla ya mpima, nenda ofisi ya ardhi Bukalasa na namba za bloku na ploti, ulipie upekuzi. Mimi nililipa shilingi 10,000 pamoja na makato ya benki. Utaona jina la mwenye hati, kama kuna zuio, kama benki inaidai. Nenda mwenyewe, usimtume kayungirizi (dalali). Jina lisipolingana na la muuzaji, umeokoa pesa za mpima.

Mpima awe aliyesajiliwa, na afungue mipaka, yaani aonyeshe upya inapopita, majirani na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wakiwepo. Nauli na soda za wazee ni zako. Mwenyekiti akidai asilimia 10 ya bei, hayo ni mazoea, si sheria. Ongea naye kwa adabu mtaelewana.

Sasa jilinde kwenye maandishi. Nunua kwa ekari, si kwa "kipande hiki chote". Andikeni kwamba ekari zikipungua bei inashuka, na mpaka ukiwa na ugomvi hata mkashindwa kuuziana, muuzaji anakurudishia gharama za kupima. Muuzaji wangu wa pili aligoma kutia saini hapo. Nikamuaga.

Kama anakukatia kutoka hati kubwa, kukata hiyo hati naona ni kazi yake. Wengi humsukumia mnunuzi. Ukikubali, ipunguze kwenye bei. Ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani, huo ni wako. Na mke wake atie saini kama wanaishi hapo au wanakula kutoka hapo.

Kama ni kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mwingine, habari ni nyingine: muuzaji hana hati yake, unatafuta ridhaa ya mwenye mailo, yaani mwenye hati ya ardhi hiyo. Busuulu (kodi ya mwaka kwa mwenye mailo) ya nyuma ailipe muuzaji. Kanzu ya mwenye mailo, ambayo siku hizi ni bahasha ya pesa wala si vazi, huangukia mnunuzi.

Kukagua kwa macho hakuna anayekudai. Nenda Aprili au Novemba, mvua ikinyesha, uvae buti. Januari kinamasi hufanana kabisa na shamba la mahindi.