Kadiria Kipato cha YouTube kwa Nchi, Usikadirie kwa Jumla

Ukichukua utazamaji wa mwezi mzima ukauzidisha kwa kiwango kimoja ulichokiona mtandaoni, jibu utakalopata halitoshi hata kupangia bajeti ya bando. Zipo tovuti za kubashiri mapato ya chaneli zinazoanzia dola 0.25 hadi dola 4 kwa kila utazamaji 1,000. Kati ya cha chini na cha juu pana tofauti ya mara 16.

Kwanza tenganisha CPM na RPM, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. CPM ni bei anayolipa mtangazaji kwa matangazo 1,000 yaliyoonyeshwa, kabla YouTube haijakata chake. RPM ni kinachobaki kwako kwa kila utazamaji 1,000, ukiwemo ule ambao haukupata tangazo lolote. Kwenye video ndefu, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo. Anayekadiria kwa CPM anajihesabia fedha ambazo si zake.

Fungua YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia chaneli yako, ingia kwenye takwimu, chagua siku 90 zilizopita, weka video ndefu peke yake, kisha panga kwa nchi. Kwa kila nchi yenye watazamaji wengi, gawa mapato kwa utazamaji, halafu zidisha kwa 1,000. Usitafute wastani wa RPM za miezi mitatu, kwa sababu mwezi wa utazamaji 5,000 utapewa uzito sawa na wa 50,000. Jumlisha fedha zote, ndipo ugawe kwa utazamaji wote.

Tuseme una chaneli ya mapishi ya pwani yenye utazamaji 60,000 kwa mwezi. Viwango hivi ni vya mfano. Wewe weka vyako. Tanzania na Kenya, utazamaji 42,000 kwa RPM ya dola 0.40: dola 16.80. Oman na Ghuba, 9,000 kwa 1.50: dola 13.50. Uingereza, 4,000 kwa 3: dola 12. Marekani, 5,000 kwa 4: dola 20. Jumla dola 62.30. Tazama vizuri: Marekani na Uingereza wametazama asilimia 15 tu lakini wameleta zaidi ya nusu ya fedha. Ndiyo maana video moja ikivuma nyumbani utazamaji unaweza kuongezeka maradufu huku kipato kikisogea kidogo sana, na mwenye chaneli akadhani ameibiwa.

Kwenye hizo dola 20 za Marekani toa kodi. Ukijaza W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani, asilimia 30 hukatwa kwenye mapato ya watazamaji wa Marekani pekee, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Ni dola 6, unabaki na 56.30. Usipoijaza, makato yanaweza kufika asilimia 24 ya mapato yako ya dunia nzima. Ijaze mapema. Takwimu za Studio huonyesha kiasi kabla ya kodi hiyo, kwa hiyo tofauti utaigundua kwenye AdSense, akaunti ya Google inayopitisha malipo yako.

Shorts, yaani video fupi za YouTube, zihesabu kando kabisa. Mgawo wake ni asilimia 45 ya fungu la fedha za matangazo linalotengwa kwa wenye chaneli, na RPM yake mara nyingi ni senti chache. Utazamaji 200,000 kwa RPM ya 0.03 ni dola 6 tu.

Ukishapata jumla, kumbuka msimu. Watangazaji humwaga fedha kuelekea mwisho wa mwaka, kisha Januari RPM hushuka. Kadirio la Januari lililojengwa juu ya Desemba litakuumiza. Urefu nao una uzito: video ya dakika 8 na kuendelea inaruhusiwa matangazo ya katikati, ya dakika 7 hairuhusiwi.

Kuna mianya mingine ya fedha kupungua. Ukiweka wimbo wa msanii nyuma ya video, mwenye haki anaweza kudai mapato ya video hiyo. Yale makundi ya WhatsApp ya nitazame nikutazame huzalisha utazamaji batili, na mapato yake hufutwa baadaye. Utazamaji huo ukizidi, chaneli inaweza kuondolewa kwenye mpango wa mapato.

Kipato cha mwezi si fedha ya mwezi huo. Hesabu kamili huingia AdSense kati ya tarehe 7 na 12 ya mwezi unaofuata, na malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26, pale tu salio linapofika dola 100. Chaneli yetu ya mfano, ikipata dola 56.30 Aprili na kiasi hicho hicho Mei, inafika 112.60, na italipwa mwishoni mwa Juni. Kabla ya hapo, salio likifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako. Andika S.L.P. sahihi unayoifungua wewe mwenyewe, kwani miezi minne ikipita bila kuithibitisha, matangazo husimamishwa. Kisha uliza benki yako inakata kiasi gani kupokea dola kutoka nje, na ukiandike kwenye mstari wa mwisho wa hesabu yako.