Laptopu ya GB 4 na kiu ya kutengeneza tovuti

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua laptopu ya mtumba hapa Morogoro: RAM GB 4, Windows 10, betri imekufa. Nataka kujifunza kutengeneza tovuti. Rafiki yangu kanipa orodha ya kupakua: XAMPP, Node, Docker, VS Code. Bando limeisha hata nusu sijafika. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo ni orodha ya mtu aliyekwisha ajiriwa: XAMPP na Node ni za kazi za seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya visanduku vyake, kwenye GB 4 itakulazia mashine kabla hujaandika mstari mmoja. Achana nayo.

Kivinjari unacho tayari. Kwa kuandikia, pakua Notepad++: ni megabaiti chache, haili RAM, na hutunza hata ulichokuwa hujasevu, kwa hiyo umeme ukikatika kazi yako haipotei yote. VS Code nayo ni ya kuandikia, ni nzuri, mwenyewe naitumia, ila kwa mashine hiyo utasubiri sana.

Sasa hili lisikupite. Fungua File Explorer, ingia View, weka tiki kwenye File name extensions. Windows huficha mikia ya majina ya mafaili, kama .html au .txt. Wengi wanaoniletea kurasa zisizofunguka huwa wamesevu index.html.txt badala ya index.html bila kujua. Tengeneza folda moja, sevu humo ukurasa wako wa kwanza kwa jina index.html, na kila jina liwe la herufi ndogo, bila nafasi. Kwenye Windows, Picha.JPG na picha.jpg ni kitu kimoja. Seva nyingi zinatumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na huko ni mafaili mawili tofauti: kwako picha inaonekana, ukiipandisha haipo, unaanza kulaumu mtandao.

Bofya mara mbili index.html, ifunguke kwenye kivinjari. Ukibadilisha kitu, sevu, halafu F5. Bando haliguswi. Bonyeza F12 uende Console. JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, ikigoma, hapo ndipo inapotaja mstari wenye kosa. Kuna kosa letu Waswahili: ukiandika 'ng'ombe' kwa alama moja moja ya nukuu, inadhani neno limeishia kwenye ng. Tumia alama mbili mbili, "ng'ombe", basi.

Bando likipatikana, ingia devdocs.io uhifadhi maelezo ya HTML (muundo wa ukurasa), CSS (mwonekano wake) na JavaScript, uyasome hata bila intaneti. Ukifika kwenye PHP, lugha inayofanya kazi kwenye seva, na kanzidata, niandikie tena tuizungumzie hiyo XAMPP.