Ukikutana na neno uyoga, uliza kwanza ni upi

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwenye karatasi ya maelezo ya dawa kwamba "mafuta haya yanaponya uyoga wa miguuni". Maelezo yenyewe yalitoka Kongo kwa Kifaransa, na neno lililokuwapo ni champignon. Nililijua tangu shuleni: champignon ni uyoga, basi. Aliyenipa kazi alinipigia simu na hata salamu hakunipa. Akaniuliza kama kwetu Mufindi uyoga huota kwenye nyayo.

Ushauri wangu wa kwanza kwa wanaotafsiri umezaliwa hapo. Mfaransa anaweza kutumia neno moja mahali ambapo sisi tunayo kadhaa. Unaoingia kwenye sufuria ni uyoga. Ulioshika mkate uliolala ni ukungu. Wa kwenye mahindi yaliyoanikwa vibaya ni kuvu, ndiyo maana sumu yake tunaiita sumukuvu. Wa kati ya vidole vya miguu ni fangasi, na ukienda duka la dawa ukautaja kwa jina lingine utachekwa. Kibaolojia wote ni ndugu, si mimea wala wanyama, na tangu mpangilio wa viumbe wa mwanabiolojia Whittaker wa 1969 wamehesabiwa kuwa na himaya yao wenyewe. Lakini mgonjwa hasomi himaya, anasoma karatasi ya dawa. (Mfaransa huyohuyo akikuambia ukanyage champignon, hana habari na uyoga. Anataka ukanyage mafuta, gari iende.)

Kiingereza nacho kina mitego yake. Lile wingu la mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki ya Agosti 1945, mushroom cloud, wengi huliandika "wingu la uyoga". Mimi huandika "wingu lenye umbo la uyoga" pale linapotajwa mara ya kwanza, maana mtoto wa darasa la tano akisoma lile fupi anaweza kudhani uyoga ndio uliorushwa angani. Likishaeleweka, fupisha utakavyo.

Halafu kuna "kuota kama uyoga", ambalo magazeti yetu yamelichakaza. Litumie kwa vitu vilivyokuja vingi na kwa ghafla, na ujue lina kejeli ndani yake. Niliwahi kuona kadi ya mchango ikisifu biashara za bwana harusi kwamba "zinaota kama uyoga". Aliyeandika alitaka kusifu, ila wazee waliosoma walitazamana. Tena, kwa mtu aliyekulia kijijini, msemo wenyewe haujakaa sawa sana. Uyoga wa kichuguuni hautokei hivihivi. Mchwa wameulima humo chini muda mrefu, wakilisha kuvu lao kwa majani makavu na vijiti walivyovitafuna, na mvua inakuja tu kuusukuma juu.

Angalia pia simu yako. Herufi moja tu inatenganisha uoga na uyoga, na nimeshapokea ujumbe usemao "acha uyoga, nenda kamwambie baba yako ukweli".

Na kama unanunua mitandaoni, utakutana na "chaga". Hao si watu wa Kilimanjaro, wala si zile mbao za kitanda. Ni neno la Kirusi la kuvu jeusi kama mkaa linaloota kwenye miti ya nchi za baridi, watu hulichemsha kama chai. Jirani yangu alikaribia kuagiza akiamini ni dawa ya kienyeji kutoka Moshi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Neno letu uyoga halibagui. Unaoliwa ni uyoga na unaoua ni uyoga. Bibi yangu hakuwa na tatizo hilo, kwa sababu hakuwa na neno moja. Kila aina aliyookota alikuwa na jina lake kwa lugha ya nyumbani, pamoja na mti unaoota chini yake na mwezi wake. Asioujua aliuacha palepale, hata uwe mzuri namna gani. Sisi tuliohamia mjini tumebaki na neno la sokoni, na majina yale yametupotea.

Kwa hiyo watu wamejitungia vipimo. Wanatia kitunguu sufuriani waone kama kitabadilika rangi. Wanasema ukiliwa na konokono hauna neno. Vyote hivyo si vya kutegemea. Sumu ya ule uyoga hatari kuliko wote, ambao Waingereza huuita kofia ya kifo, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na wengi walioula na kupona husimulia kwamba ulikuwa mtamu. Dalili zake kwa kawaida huchelewa saa 6 hadi 24. Kutapika na kuhara huja, kisha mtu hupata nafuu, hurudi nyumbani akishukuru, na kumbe ini ndilo linaloharibika. Kwa hiyo "jirani alikula jana jioni na amelala salama" si ushahidi. Ukihisi lolote baada ya kula, nenda hospitali na mabaki ya uyoga wenyewe, usisubiri.

Mlio Ulaya na Marekani, hili linawahusu zaidi. Mwaka 2015, Ujerumani, wakimbizi kutoka Syria walikula kofia ya kifo wakidhani ni uyoga waliouzoea. Wa ugenini unaweza kufanana kabisa na wa kwenu.

Mimi nikitaka uyoga mjini hununua mamama, ule uliopandwa kwenye mifuko ya mabua au pumba, kwa mtu ninayejua banda lake. Barabarani nina swali moja tu. Januari iliyopita, karibu na Mafinga, nilisimama kwa mama aliyekuwa na ndoo imejaa.

"Kamwene, mama. Huu unaitwaje?"

"Uyoga."

"Kwa kilugha?"

Akamtazama binti aliyekaa naye. Binti akatazama ndoo. "Tumeletewa tu," mama akasema.

Nikanunua nyanya.