MiG-21 ya Kwanza Mezani: Usiyaharakishe Haya

Boksi la modeli ya ndege limefika. Ndani kuna fremu nne za plastiki ya kijivu, vipande vimeshikana nazo kwa vikonyo kama ndizi kwenye mkungu, na mikono inakuwasha uanze kubandika leo leo. Subiri kidogo. Modeli nyingi za kwanza haziharibikii kwenye rangi, ingawa kwenye rangi ndiko ubaya unakoonekana. Zinakuwa zimeshaharibika siku mbili tatu kabla, pale gundi ilipopigwa msasa ikiwa bado mbichi, au plastiki ilipopakwa rangi ikiwa na mafuta ya kiwandani. Maelezo haya ni ya anayeanza akiwa Arusha au Moshi, ambako vifaa vingi atavipata kwa mafundi wa kupiga rangi magari, kwenye duka la dawa na kwenye duka la vifaa vya shule.

Kama hujanunua bado, nunua MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti. JWTZ ilikuwa na ndege hizi wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na dunia nzima zimeundwa zaidi ya 10,000, kwa hiyo picha za kuigizia hazikosekani. La muhimu zaidi kwa mikono migeni ni umbo lake: kiwiliwili ni kama bomba, mabawa ni pembetatu mbili ndogo, injini ni moja. Bawa kwa bawa, ndege halisi ina mita 7.15. Kwa modeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72, gawa kwa 72 upate karibu sentimita 10. Kwa ya 1/48, gawa kwa 48 upate karibu 15. Kipimo cha 1/72 kinakula rangi kidogo na bei yake ni nafuu, nasi tunakipendekeza kwa kuanzia. Chagua yenye rangi za madoa ya kivita. Usianze na ile ya fedha tupu, kwa sababu rangi ya fedha inaonyesha kila mkwaruzo.

Sasa gundi. Gundi na rangi za modeli ni vitu vya kuwaka moto, na vifurushi vya ndege havipokei vitu hivyo, ndiyo maana boksi mara nyingi linakuja peke yake. Plastiki ya modeli ni polistireni, na polistireni haigandishwi kwa kupakwa kitu cha kunata. Inayeyushwa kidogo pande zote mbili, zinaungana, kisha kiyeyusho kinatoka na kuacha kipande kimoja. Thina nzuri ya rangi za gari inaweza kufanya kazi hiyo. Ijaribu kwanza: weka tone moja kwenye fremu, hesabu hadi kumi, kisha gusa kwa ncha ya kijiti. Ikinata na kuvuta uzi mwembamba, inafaa. Ikibaki kavu na kung'aa vilevile, hiyo si ya kwako. Gundi ya mabomba ya maji iache. Ni nzito na inakula plastiki kuliko unavyotaka. Supagluu inashika haraka, lakini kiungo chake kinavunjika ukiangusha ndege, na ina ubaya mwingine kwenye vioo tutakaoufikia.

Thina ina mvuke unaowaka na unaoumiza kichwa. Fungua dirisha, na kusiwe na jiko la mkaa wala mshumaa chumbani wakati chupa iko wazi.

Kwa thina hiyohiyo tengeneza puti yako ya kuzibia mapengo. Katakata fremu tupu ziwe punje ndogo kama chenga za mchele, jaza kijiko kimoja cha chai kwenye kichupa cha kioo, mimina thina mililita 10, funga, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta uji mzito wa plastiki ileile ya ndege yako. Ukikuta ni mwepesi, ongeza punje. Usitumie kikopo cha plastiki, kwani chenyewe kinaweza kuyeyuka na kukumwagikia mezani.

Vifaa vingine havina mambo mengi. Mkasi wa kucha wa kukatia vikonyo, wembe, vibanio vya nguo, rababendi, vijiti vya meno, na msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000. Huo wa 2000 wanao wanaong'arisha bodi za magari.

Kabla ya kukata chochote, osha fremu zote kwa maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, zisugue taratibu kwa mswaki laini, suuza, anika kivulini. Kiwandani wanapaka mafuta ili plastiki itoke kwenye umbo, na mafuta hayo yakibaki rangi itabanduka pamoja na tepu. Maji yasiwe ya kuchemka, mabawa yatajikunja. Bawa lililokuja limepinda, kwa upande mwingine, linyooshwe kwa maji ya moto unayoweza kuyagusa kwa sekunde moja tu: lichovye, linyooshe kwa vidole, litie kwenye maji baridi likiwa bado umelishika.

Ukikata kipande, usikate kikonyo kwenye mwili wake. Kata mbali, ubakize kama milimita 2, kisha punguza kwa wembe na umalizie kwa msasa. Ukikata mara moja kwenye mzizi, plastiki inameguka na kuacha shimo jeupe ambalo itabidi ulizibe.

Chumba cha rubani cha MiG-21 kina rangi yake: kijani cha kuelekea bluu, kama maji ya bahari ya kina kifupi. Paka, weka kiti, endelea. Kwenye 1/72 hakuna atakayeona zaidi ya rangi hiyo na kichwa cha kiti.

Kuna jambo linalosahaulika hapa na halina dawa baadaye. Ndege yenye gurudumu la mbele, uzito wake mwingi ukiwa nyuma, itakalia mkia. Kabla ya kufunga kiwiliwili, shikiza vipande vyote kwa tepu, weka penseli chini ya mabawa pale miguu mikuu itakapokaa, kisha ongeza uzito puani hadi pua iinamie mbele yenyewe. Ongeza kidogo tena juu ya hapo, kwa ajili ya rangi na tundu la injini. Uzito unakaa vizuri ndani ya koni ya pua na mbele ya chumba cha rubani. Nati ndogo za chuma zinatosha. Ukitumia vipande vya risasi vya kubalansi tairi, usivishike kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo ina asidi inayokula risasi, risasi inavimba na kuwa unga mweupe, na baada ya miaka michache pua inapasuka kutoka ndani. Tumia Araldite, gundi ya kuchanganya.

Tumefika kwenye mshono, na hapa ndipo ndege inapopatikana au inapopotea. Nusu mbili za kiwiliwili ziunge bila gundi kwanza, uangalie zinapogongana. Mara nyingi kinachozuia ni chumba cha rubani au tundu la injini, nacho kinapunguzwa kwa msasa, hakilazimishwi. Zikikutana vizuri, gusisha brashi yenye thina kwenye mstari, sentimita 2 kwa wakati mmoja. Thina itaingia yenyewe kama maji kwenye kitambaa. Hesabu hadi tano, kisha bana kwa vidole. Utaona uzi mwembamba wa plastiki laini unapanda juu ya mstari mzima. Usiufute na usiuguse. Huo uzi ndio unaoziba mshono, kwa hiyo ukiuona umekatika mahali, hapo pana pengo na patahitaji puti. Funga rababendi, bana kwa vibanio, weka kando.

Saa 24, wala si saa moja. Juu patakuwa pakavu ndani ya dakika kumi, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Chini kiyeyusho bado kinatoka. Ukipiga msasa sasa utapata mwili laini kabisa, utapaka rangi, na wiki mbili baadaye mstari utarudi kama kovu lililozama, kwa sababu plastiki iliendelea kusinyaa chini ya rangi. Puti ya thina inahitaji zaidi: siku mbili, tatu ikiwa ni nene. Baada ya hapo anza na namba 400 kwa maji, penye puti tu, maliza na 1000. Pitisha ukucha kwenye mshono ukiwa umefumba macho. Ukucha ukikwama, jicho nalo litakwama. Mistari ya mabati, ile michirizi iliyochongwa kwenye mwili, ikiwa umeifuta irudishe kwa ncha ya sindano, ukiiongoza kwa kipande cha tepu nene.

Rangi sasa, na hali ya hewa yetu. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na milimita 7 kwenye ndege halisi, kwa hiyo rangi nzito inaifanya ndege ionekane kama imepakwa udongo. Anza na praima (rangi ya msingi) ya kijivu ya kopo, ile ya magari. Kopo liloweke dakika tano kwenye maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto maana linaweza kulipuka, ulitikise dakika mbili, upulizie kutoka sentimita 20. Mara ya kwanza iwe ukungu tu, unaoacha plastiki ikionekana. Ngoja dakika 15, rudia ukungu wa pili, ndipo uje wa tatu wa kufunika. Ukilowesha mara moja, thina iliyo ndani ya praima itakula plastiki na uso utakuwa kama ganda la chungwa.

Kuanzia Machi hadi Mei, masika inapokuwa juu yetu, usipulizie siku ya mvua. Thina inapotoka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua juu yake, na rangi inabaki na ukungu mweupe kama maziwa. Ikikutokea, usikwangue. Ngoja siku kavu, pulizia tabaka jepesi sana la rangi ileile, na mara nyingi weupe unaondoka. Asubuhi za baridi na manyunyu za Juni na Julai pale Arusha zina shida hiyohiyo. Ngoja jua la saa sita. Moshi ni kinyume. Joto la mchana la Januari na Februari linaikausha rangi ikiwa bado angani, inatua kama mchanga. Huko pulizia asubuhi mapema.

Vumbi halina msimu. Nyunyizia sakafu maji nusu saa kabla, tumia boksi kubwa lililolazwa ubavu kama kibanda, na ukimaliza funika ndege kwa ndoo iliyoinuliwa kidogo kwa vijiti viwili ili hewa ipite. Punje ya vumbi iliyotua kwenye rangi mbichi iache. Kesho, rangi ikiwa kavu, itoe kwa msasa 2000 na maji.

Kwa rangi za juu, zile za akriliki za wachoraji zinafaa kwa brashi: zipunguze kwa maji ziwe kama maziwa, brashi bapa, matabaka matatu au manne, kila moja likivuka la chini yake baada ya kukauka. Ukitaka kuchanganyiwa na wauza rangi za magari, waombe kiasi kidogo kabisa; ndege ya 1/72 haimalizi mililita 15 za rangi moja. Kumbuka tu utaratibu: rangi ya thina inakaa chini, ya maji juu. Ukigeuza, ya thina itaikunja ya maji kama ngozi ya maziwa. Na klia ya magari, vanishi isiyo na rangi, ile inayochanganywa na hadna (kigumushi) usiipulizie nyumbani hata kidogo. Mvuke wake ni sumu ya mapafu na barakoa ya kitambaa haiuzuii.

Tepu ya mafundi rangi inanata kupita kiasi. Ibandike kwanza kwenye suruali mara mbili, kisha ilaze juu ya kioo na uikate ukingo mpya kwa wembe, kwa sababu ukingo wa kiwandani umeshabeba vumbi na haujanyooka.

Stika za maji, zile za alama za ndege, zinataka uso unaong'aa. Juu ya rangi iliyopauka hewa inanaswa chini ya stika na kuacha mng'ao wa fedha usiotoka. Pulizia klia isiyo na hadna kwa ukungu, iwe ya maji kama rangi yako ya juu ni ya maji, acha siku moja. Kata stika, ichovye kwenye maji ya vuguvugu sekunde 15, ilaze kwenye tishu dakika moja, kisha iteleze mahali pake. Kukunja kwenye mistari kunasaidiwa na siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kama huna picha ya alama za ndege unayoitaka, acha pahali pake patupu kuliko kukisia.

Wenye kompyuta yenye nguvu wana msaada mwingine. Programu ya DCS World, ya kuigiza kurusha ndege, inapakuliwa bure ikiwa na ndege za Su-25T na TF-51D. MiG-21bis, toleo la baadaye la MiG-21, inanunuliwa peke yake. Mzigo wake ni mkubwa, si wa bando la simu. Ukiwa nayo, bonyeza F2 uizunguke ndege kwa nje na uone milango ya magurudumu inavyokaa, jambo ambalo karatasi ya maelekezo mara nyingi haionyeshi vizuri. Angalia tu kwamba bis ina mgongo mnene kuliko MF, toleo la kabla yake. Usiongeze puti kwenye mgongo wa MF kwa kuiga skrini.

Kioo cha rubani kinashikwa kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa supagluu unatua kwenye kioo na kukifanya cheupe, nao hautoki kwa kufuta. Ukitaka kiwe wazi, kwenye MF kinafunguka kuelekea kulia kwa rubani. Wengi wanakisimamisha kuelekea nyuma kwa mazoea ya ndege za Marekani.

Mwisho kabisa ni ule mkuki mrefu juu ya pua. Wa plastiki utavunjika, ni suala la siku tu. Nenda duka la dawa ununue sindano mbili mpya, moja yenye kitako cha kijani, ambayo ni ya milimita 0.8, na moja ya kahawia, milimita 0.45. Zizungushe chini ya wembe mzito hadi zikatike, ukiwa umevaa miwani, kwa maana ncha huruka. Ya kahawia inaingia ndani ya ya kijani, na ukiacha nyembamba ichomoze mbele unapata mkuki unaopungua unene kama ule wa ndege halisi. Toboa pua kwa sindano iliyopashwa moto, mbali na chupa ya thina, weka tone la supagluu, simama mbele ya ndege uangalie kama umenyooka, kisha uangalie kutoka juu. Una kama sekunde kumi za kuurekebisha.