Re: Spika zinapiga mluzi nikikanyaga mafuta

Yakhe, mluzi huo unaopanda na mafuta ni wa altaneta (ile inayochaji betri gari ikiwaka), usikimbilie kununua filta ya kuzuia kelele kwanza. Zima gari, chomoa waya za RCA (zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio) kwenye amplifaya halafu washa tena, spika zikinyamaza basi kelele inaingilia kwenye RCA au redio yenyewe, ikiendelea tazama athi, yaani ule waya hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Na huku kwetu Pemba mara nyingi ni athi tu, chumvi ya bahari inakula bodi na fundi keshakaza bolti juu ya rangi na kutu kaenda zake. Kwangua mpaka chuma king'are, waya wa athi uwe mfupi usizidi nusu mita, unene sawa na ule wa chanya unaotoka kwenye betri. RCA zipitishe upande mwengine, mbali na waya wa betri. Geini ya amplifaya (pale unapoongeza au kupunguza nguvu ya sauti inayoingia) punguza. Na fyuzi umeweka karibu na betri lakini? Mana hujasema.